Msomaji kama Shahidi: Maoni ya Wasomaji katika Historia ya Riwaya ya Mapenzi na Taharuki

Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiswahili imekwisha kuandikwa mara kadhaa, na aghalabu imefuata njia moja. Huanza na tafsiri za mwishoni mwa miaka ya 1920, hasa Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Hugusia Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliotoka mwaka 1934. Hutua kwa heshima mbele ya Shaaban Robert. Kisha huendelea na waandishi wa baada ya uhuru, mmoja baada ya mwingine, kitabu baada ya kitabu. Njia hiyo ina manufaa yake, wala hatukusudii kuibeza. Lakini ina upungufu ambao tumeuzoea hata hatuuoni tena. Ndani ya historia hiyo wamo waandishi, wamo wachapishaji, wamo wahakiki na walimu, msomaji hayumo. Yeye ndiye aliyetoa shilingi zake, akakesha na kitabu, akakiazimisha kwa jirani hata jalada likang'oka. Lakini historia inapoandikwa haulizwi neno.

Makala hii inakusudia kumwita msomaji huyo atoe ushahidi. Tumeitazama aina moja tu ya riwaya, nayo ni ile inayochanganya mapenzi na taharuki: riwaya ambamo wawili wanapendana, au mmoja anampenda mwenziwe, huku siri, hatari, hila au mauaji yakiyazingira mapenzi hayo, hata msomaji asijue kama mpenzi ni mwokozi au ni adui. Uchaguzi huu una sababu. Ni vigumu kuipata aina nyingine ya riwaya ambayo hukumu ya wahakiki na maoni ya wasomaji yametengana juu yake kwa kiasi hiki. Wahakiki waliiita chapwa, ya kupotezea wakati, ya kuiga sinema. Wasomaji waliinunua, wakaisoma, wakaitafuta nyingine. Mwanahistoria akutapo mtengano wa namna hiyo hana haki ya kuchukua upande mmoja kabla ya kuusikiliza wa pili.

Kutoka Ngano hadi Kitabu

Kabla ya msomaji kulikuwa na msikilizaji, na msikilizaji hakuwa bubu. Paukwa ya fanani haikukamilika bila pakawa ya hadhira. Ngano ikipwaya, watoto walisinzia; ikikolea, walidai iendelee; wimbo ukifika, waliupokea. Maoni yalitolewa papo hapo, na fanani aliyageuza maneno yake kwa kuyafuata. Hata Alfu Lela Ulela, hekaya zilizokuja kupigwa chapa kwa Kiswahili na kusomwa na vizazi kadhaa, zimejengwa juu ya jambo hilo hilo. Mfalme aliyesalitiwa na mkewe huoa kila siku, na kila asubuhi humuua bibi harusi. Shahrazadi anajiokoa kwa kukikata kisa mahali penye utamu kila kunapopambazuka. Mapenzi na mauaji yamo katika chumba kimoja, na roho ya msimuliaji inategemea maoni ya msikilizaji mmoja. Atakaye kumtafuta babu wa riwaya ya mapenzi na taharuki hana haja ya kumtafuta Ulaya peke yake.

Kitabu kilipokuja, uhusiano huo ulikatika. Mwandishi aliweza kukaa Unguja, mchapishaji akawa Nairobi, na msomaji akawa Tabora au Kisumu. Sauti ya pakawa haikumfikia tena mwandishi. Tangu hapo maoni ya wasomaji yalilazimika kupita njia za kando, na njia hizo ndizo tunazozifuata hapa. Tunazihesabu nne: tuzo, marufuku, uchapaji wa kurudiarudia, na mwisho sauti za wasomaji wa hadithi za magazetini. Kila njia ni shahidi, na kila shahidi ana mipaka yake.

Shahidi wa Kwanza: Tuzo

Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, lilikuwa kwa muda mrefu mlango mkuu wa mwandishi wa Kiswahili. Katika mashindano ya kuandika hadithi liliyoyaendesha mwaka 1957 na 1958, mshindi wa kwanza alikuwa Mohamed Said Abdulla wa Unguja, kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na mwenye kufikiri kuliko kutenda, akaingia katika fasihi pamoja na sahibu yake Najum.

Tuzo hiyo ni ushahidi wa maoni. Mwamuzi wa mashindano ni msomaji wa kwanza, na mwamuzi wa mwaka 1958 alikuwa na matarajio aliyoyarithi: nathari ya Kiswahili ilitazamiwa kufundisha adili, kuonya na kurekebisha. Hata hivyo aliitunukia hadithi ambayo kiini chake ni maiti na fumbo. Yamkini aliiona humo nafasi ya adili pia, kwa kuwa Bwana Msa anaushinda ushirikina kwa mantiki. Lakini adili hilo halingeweza kumfikisha msomaji ukurasa wa mwisho lau si hamu ya kujua nani aliyeua. Kwa tuzo ile, starehe ya msomaji ilipewa kibali rasmi.

Ni muhimu kuona jinsi mwandishi huyu alivyoendelea. Katika Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mke Mmoja Waume Watatu (1975), fumbo linaacha kuwa la maiti tu na kuingia nyumbani. Linakuwa fumbo la ndoa, la nasaba, la mtu kuwa siye anayedhaniwa. Upelelezi unasogea karibu na mapenzi, na msomaji aliyekuja kwa ajili ya Bwana Msa anajikuta anapeleleza nyoyo. Hapa ndipo riwaya ya Kiswahili ya mapenzi na taharuki ilipopata mojawapo ya mizizi yake.

Mpaka wa shahidi huyu ni dhahiri. Mwamuzi wa tuzo ni mtu wa ofisi. Anaweza kutuambia kitabu gani kilistahili kuchapishwa kwa maoni yake. Hawezi kutuambia ni kipi kilichoazimwa hata kikachanika.

Shahidi wa Pili: Marufuku

Anayepiga kitabu marufuku naye ni msomaji, tena ni msomaji makini kuliko wengi. Amekisoma akaogopa yale ambayo wengine watayasoma humo. Marufuku, kwa hiyo, ni maoni yaliyopewa nguvu ya amri.

Kisa mashuhuri ni cha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Mwandishi alikuwa kijana, ametoka karibuni katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yenyewe si ya upelelezi. Lakini taharuki imo, na chanzo chake ni mapenzi. Inaanza na barua ya mapenzi anayoandikiwa msichana na kipigo cha baba, na tangu hapo msomaji anashikwa na swali moja lisilomwachia: msichana huyu, aliyelelewa kwa woga mkali huko Ukerewe, itakuwaje siku atakapotoka nje ya macho ya babake? Kila mwanamume anayejitokeza ni ahadi na ni hatari kwa wakati mmoja. Jibu la mwandishi linajulikana: Rosa anajiua.

Tanzania iliizuia riwaya hii isisomwe shuleni. Baadaye ilifunguliwa, na ikaja kusomwa na wanafunzi wale wale ambao ilidhaniwa ingewaharibu. Kitabu hakikubadilika, kilichobadilika ni usomaji. Msomaji wa kwanza wa ofisini aliona masimulizi ya zinaa yaliyowekwa mikononi mwa wasichana. Msomaji wa pili aliona shutuma juu ya wazazi wanaofanya ukali uwe badala ya malezi, na juu ya wakubwa wa vyuo wanaowageuza wanafunzi wao wa kike kuwa mawindo. Wote wawili walisoma maneno yale yale. Mtaalamu wa Kijerumani Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 mjini Konstanz, alitufundisha kwamba kitabu hupokewa katika upeo wa matarajio ya wasomaji wa wakati wake, na kwamba upeo huo husogea. Sijui mfano wa Kiswahili ulio bora kuliko huu wa kuonyesha upeo ukisogea.

Marufuku ya pili tunayotaka kuitaja haihusu kitabu cha Kiswahili, lakini haiwezi kuachwa, kwa kuwa wasomaji walikuwa hao hao. David Maillu alianzisha Nairobi kampuni yake ya Comb Books na kuanzia mwaka 1973 akatoa vitabu vidogo vya Kiingereza kama vile Unfit for Human Consumption na After 4.30, vilivyosimulia mapenzi, ulevi na hatari za jiji. Jambo la kuvutia kwa mada yetu ni kwamba Maillu hakukisia matakwa ya wasomaji. Kabla ya kuandika aliwauliza watu ni mambo gani yanayowashughulisha. Vitabu vyake viliuzwa kwa wingi. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi nako, Chris Wanjala alikuwa miongoni mwa wahakiki walioishutumu fasihi ya aina hiyo. Hivyo mwandishi aliyewauliza wasomaji alihukumiwa na watu wawili ambao kwa kawaida hawakubaliani, yaani mdhibiti wa vitabu na mwalimu wa chuo kikuu.

Mpaka wa shahidi huyu wa pili ni kwamba anazungumza kwa niaba ya mwingine. Mdhibiti hasemi kitabu kimemdhuru yeye. Husema kitamdhuru kijana, msichana, mfanyakazi. Ushahidi wake unatufundisha zaidi juu ya hofu za wakubwa kuliko juu ya nyoyo za wadogo.

Shahidi wa Tatu: Kuchapishwa Tena na Kuchakaa

Shahidi wa tatu hasemi chochote. Ni kitabu chenyewe. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965, na ikachapishwa tena na tena. Inspekta Wingo hakuwa Bwana Msa: mandhari yake ni Dar es Salaam, chombo chake ni simu na gari, na sentensi zake ni fupi, za watu wenye haraka. Kila mara kitabu kinaporudi mitamboni, kuna wasomaji waliotoa kauli bila ya kuandika neno. Hapana haja ya kulikuza jambo hili wala kulidharau. Mchapishaji hatii fedha katika karatasi kwa ajili ya mapenzi ya fasihi peke yake.

Baada ya hapo orodha ni ndefu. Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Elvis Musiba aliyemtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, Kajubi Mukajanga, na kisha Ben Mtobwa wa Tutarudi na Roho Zetu? ya mwaka 1987 na Dar es Salaam Usiku ya mwaka 1990. Kwa upande mwingine yupo Mohamed Suleiman Mohamed, ambaye Kiu yake ya mwaka 1972 huwekwa na wahakiki katika kundi la riwaya dhati. Lakini tazama kisa cha Kiu: Mwinyi ni tajiri mtu mzima anayempenda msichana Bahati, Bahati anampenda Idi, na Idi anayatumia mapenzi ya wote wawili ili ajipatie mali. Msomaji anashikwa na hofu ya kuona mpenzi akipeleka mapenzi sokoni. Kwa kisa, hii ni riwaya ya mapenzi na taharuki. Kinachoitofautisha na vitabu vya vibandani ni ufundi wa lugha na kina cha wahusika. Mpaka kati ya riwaya dhati na riwaya pendwa, kwa hiyo, haupiti mahali ambapo vitabu vyetu vya kufundishia vimeuchora. Msomaji aliuvuka kila siku pasipo pasi.

Mazingira ya biashara nayo yalikuwa na neno. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na East African Literature Bureau likavunjika nayo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Vitabu vya Nairobi havikuweza tena kupita kwa urahisi kwenda kwa wasomaji wengi wa upande wa pili. Nchini Tanzania wachapishaji wadogo na waandishi wenyewe waliijaza nafasi hiyo kwa vitabu vyembamba, vya karatasi duni, vilivyouzwa mitaani. Rajmund Ohly, aliyekuwa mtafiti Dar es Salaam, aliichukulia nathari hiyo ya miaka ya 1970 kwa uzito unaostahili na kuitolea kitabu kizima mwaka 1981. Lakini alivyofanya Ohly hakukuwa desturi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 mizani ya uhakiki ilikuwa ni ujenzi wa jamii mpya, na kwa mizani hiyo kijana anayemfukuza jambazi huku akipendana na binti mrembo alionekana mwepesi kama pamba.

Mpaka wa shahidi wa tatu ni bubu wake. Kitabu kilichochakaa kinatuambia kimesomwa. Hakituambii kilipendwa kwa nini.

Shahidi wa Nne: Msomaji wa Gazeti

Hadithi ya mfululizo katika gazeti ilirudisha kwa sehemu ile pakawa iliyopotea. Hapa kitabu hakijakamilika wakati msomaji anapokisoma. Kisa kinakatwa kila toleo mahali pa hatari, kama alivyofanya Shahrazadi, na mauzo ya toleo lijalo yanategemea kama msomaji ameshikwa.

Desturi hii ni ya zamani katika magazeti ya Kiswahili, lakini ilishamiri sana Tanzania katika miaka ya 1990, baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 na magazeti ya watu binafsi kuongezeka. Aliyejulikana kuliko wote ni Eric James Shigongo, ambaye hadithi zake, kama ile iitwayo Rais Anampenda Mke Wangu, zinatangaza kwa jina tu ndoa ya mapenzi na taharuki. Uta Reuster-Jahn, aliyeutafiti uandishi huo na kuandika juu yake mwaka 2008, ameonyesha jinsi wasomaji walivyowasiliana na waandishi wa hadithi za magazetini, hasa kwa simu za mkononi. Mwandishi alipata kujua wamhurumie nani, wamchukie nani, na wapi wamechoka.

Tukilinganisha, tunaona jambo la kuzingatia. Mohamed Said Abdulla aliandika kwa ajili ya mwamuzi asiyemwona. Mwandishi wa gazeti aliandika akiwa na msomaji kwenye simu. Huyu wa pili yuko karibu zaidi na fanani wa ngano kuliko na mwandishi wa riwaya tuliyemzoea darasani. Mwenye kufundisha fasihi simulizi na mwenye kufundisha riwaya, ambao katika idara zetu hukaa vyumba tofauti, wana jambo la kuzungumza hapa.

Shahidi huyu naye ana mpaka: anasema wakati joto la kisa halijapoa, na wanaopiga simu ni wale walioguswa zaidi. Hata hivyo, kati ya wote wanne, yeye ndiye wa kwanza anayesema kwa kinywa chake mwenyewe.

Wasomaji Walitafuta Nini?

Sasa tuuweke ushahidi pamoja. Kwa nini mapenzi na taharuki vikaandamana, na kwa nini wasomaji wakashikamana na mchanganyiko huo kwa zaidi ya miaka sitini?

Jibu la haraka la wahakiki lilikuwa kuiga: Ian Fleming, James Hadley Chase, sinema za Kihindi, na magazeti ya picha ya Lance Spearman. Kuiga kulikuwapo, hakuna anayekana. Lakini kuiga hakuelezi kupendwa. Mengi yaliigwa yakafa.

Pendekezo letu ni kwamba mapenzi na taharuki huulizana swali moja: huyu ninayempenda ni nani? Katika jamii zetu za jadi swali hilo lilikuwa na wenye kulijibu. Kijana hakuoa mtu asiyejulikana. Mshenga alitumwa, wazee waliulizia ukoo, tabia, maradhi, madeni na deni la damu, posa ilikuwa ni upelelezi kabla ya kuwa ni sherehe. Miji ilipokua baada ya uhuru, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zikapokea maelfu ya vijana waliokutana kazini, katika basi na katika dansi, kila mmoja akiwa mgeni kwa mwenziwe. Upelelezi wa wazee haukuwapo tena, lakini haja yake ilibaki. Riwaya ya mapenzi na taharuki iliichukua kazi hiyo. Ilikuwa mshenga asiyetumwa. Ilimfundisha msomaji kuangalia viatu, kusikiliza simu, kutilia shaka zawadi kubwa, kuuliza mtu alikuwa wapi usiku. Tazama tena Kiu: msiba wa Bahati unatokana na kukosa mtu wa kumwambia Idi ni nani. Tazama Rosa Mistika: baba alilinda mlango lakini hakumfundisha bintiye kupeleleza.

Kwamba jambo hili si la kwetu peke yetu linaonekana katika kisa cha Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka Uingereza mwaka 1938. Msichana asiye na ukoo wala mali anaolewa na mwenye jumba kubwa, na polepole anaanza kuogopa asilolijua juu ya mke wa kwanza aliyekufa. Wapo wahakiki wa wakati huo waliokiri ustadi wa kisa lakini wakakiona ni cha kupita. Wasomaji walikataa kipite: kilitengenezwa filamu na Alfred Hitchcock mwaka 1940, na mwaka 2003, katika kura ya BBC ya riwaya zinazopendwa na Waingereza, kilikuwa cha 14. Mwandishi alisisitiza kwamba ameandika juu ya wivu; wasomaji wengi wakashikilia kwamba wamesoma hadithi ya mapenzi. Mwaka 1973 Joanna Russ wa Marekani, akiandika juu ya kizazi cha riwaya zilizofuata mkondo huo, alionyesha kwamba swali la mke ndani yake ni kama mumewe anataka kumuua. Huko nako, basi, riwaya ilikuwa ikifanya kazi ya mshenga.

Njia ya kuuliza nayo imebadilika. Q. D. Leavis, alipoandika mwaka 1932 juu ya umma wa wasomaji wa Uingereza, aliwapelekea maswali waandishi wa vitabu vinavyouzwa sana. Janice Radway, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliwauliza wanawake 42 wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wasomaji wa riwaya za mapenzi. Jibu walilompa halikuwamo katika vitabu vyenyewe: kusoma kulikuwa saa yao ya pekee ambayo mume na watoto hawakuruhusiwa kuidai. Hakuna uchambuzi wa maandishi ambao ungeweza kuligundua jambo hilo. Ilibidi waulizwe.

Pingamizi na Jibu

Itasemwa kwamba tunataka kuufanya wingi wa wasomaji uwe kipimo cha ubora. Methali inasema wengi wape. Lakini methali hiyo ni ya baraza la mji, si ya uhakiki. Riwaya nyingi za aina hii zina kasoro zilizo wazi: wahusika wa kike hufanywa chambo, kisa hujirudia, lugha hukimbia bila kutazama nyuma. Msomaji mwenyewe mara nyingi huzijua kasoro hizo na kuzitaja kwa kicheko huku akigeuza ukurasa. Kuandika maoni yake katika historia si kuyatawaza. Ni kukataa kuandika kesi ambayo shahidi wake mkuu hakuitwa.

Itasemwa pia kwamba lugha ya vitabu hivyo iliwaharibia vijana Kiswahili chao. Pingamizi hili lina uzito kwa idara ya lugha, na jibu lake ni la mwelekeo mmoja tu: kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kiwe somo la lazima la mtihani nchini Kenya, kijana wa bara hakuwa na amri yoyote ya kumlazimisha asome kurasa mia mbili za Kiswahili. Aliyezisoma alizisoma kwa kutaka kujua nani aliyeua na nani aliyeolewa. Mwalimu anayeitafuta hamu ya kusoma lugha nje ya mtihani ataikuta hapo, hata kama hatapenda kila sentensi aliyoikuta pamoja nayo.

Hitimisho

Tumewaita mashahidi wanne. Tuzo imetuonyesha starehe ikipewa kibali. Marufuku imetuonyesha hofu na jinsi upeo wa usomaji unavyosogea. Vitabu vilivyochapwa tena na kuchakaa vimetuonyesha mapenzi yasiyo na maneno. Na msomaji wa gazeti ametupa sauti yenyewe. Hakuna mmoja wao anayetosha, lakini kwa pamoja wanatosha kuthibitisha kwamba historia ya riwaya yetu ina upande ambao haujaandikwa.

Upande huo una muda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971, alipoisoma Rosa Mistika kwa kificho, sasa amepita miaka 70. Nakala za vitabu vya mitaani za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa chapa katika karatasi ambayo haikukusudiwa kudumu. Karatasi za tarehe za kuazima, zilizobandikwa nyuma ya vitabu vya maktaba na kugongwa mihuri kila kilipotoka, hutupwa kitabu kinapojalidiwa upya. Hizo zote ni hati za historia ya fasihi, sawa na mswada wa mwandishi.

Kazi inayopendekezwa si kubwa wala ya gharama. Kila mwanafunzi wa shahada katika idara zetu anaweza kumhoji mzee mmoja au bibi mmoja wa kwao na kumwuliza maswali matatu: ulisoma kitabu gani cha Kiswahili bila kulazimishwa; ulikipata kwa nani; na ni mahali gani uliposhindwa kukiweka chini? Majibu yaandikwe kwa maneno ya msemaji, yawekwe tarehe na mahali, yahifadhiwe idarani. Tukifanya hivyo kwa miaka michache tutakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mhakiki, mdhibiti wala mwamuzi wa tuzo anayeweza kutupatia. Tusipofanya, atakayekuja baada yetu ataendelea kuandika historia ya paukwa isiyokuwa na pakawa.